Somo la Kujifunza: Mtu Anayepelelezwa, na Wajibu wa Jirani Zake

Masomo ya kusoma kabla ya kuanza: Amosi 7:7-17, Luka 20:20-26, Yohana 18:19-21, Matendo 23:12-22.



Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mtu husimama mbele ya watu akasema kwamba jambo fulani la wakubwa si la haki. Baada ya siku chache wageni wanaulizia nyumba yake ilipo, nani humtembelea, na fedha anapata wapi. Majirani wanaanza kumkwepa kisimani na mnadani. Wengine huulizwa jambo moja wakajibu matatu. Hata kanisani, benchi alilozoea kukaa hubaki na nafasi pande zote mbili.

Je, Mkristo afanye nini jirani yake anapokuwa katika hali hiyo? Na afanye nini akiombwa yeye mwenyewe awe jicho na sikio la kumchunguza mwenzake? Haya si maswali ya mijini tu. Tuyatazame kwa utaratibu.

1. Kulinda na kuvizia

Kwanza yatupasa kutofautisha mambo mawili, maana tukiyachanganya tutapotea.

Si kila kutazama ni kubaya. Sisi wa Usukuma twajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, wakapiga filimbi na kuwafuata wezi kwa pinde na mishale. Tangu miaka ya 1960 tumekuwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye hujua mgeni aliyelala kwa fulani. Serikali nayo ina wajibu wa kuwapeleleza wauaji, majambazi na wale wanaotaka kuleta vita. Mtume Paulo mwenyewe aliokolewa kwa habari ya siri: mtoto wa dada yake alisikia njama ya kumwua, akaenda akamwambia jemadari (Matendo 23). Kijana yule hakuwa mchongezi. Aliokoa uhai.

Lakini kuna kutazama kwa namna nyingine, ambako ni kuvizia. Luka anatuambia kwamba wakuu waliwatuma watu kwa Yesu waliojifanya wenye haki, kusudi wamnase katika maneno yake na kumtia mikononi mwa liwali. Hapa hapana aliyeibiwa ng'ombe, wala aliyechomewa nyumba. Kilichotafutwa ni neno tu, na neno likipatikana litafanywa kosa.

Basi tujiulize maswali matatu kila tunaposikia kwamba mtu anachunguzwa. Je, anashukiwa kwa tendo, au kwa maneno aliyoyasema waziwazi? Je, anayechunguza yuko chini ya sheria na aweza kuulizwa na mahakama? Na je, mwisho wake ni kuokoa uhai wa mtu, au kumnyamazisha mtu? Kwa maswali hayo sungusungu nao waweza kupimwa, maana hata wao, pale walipompiga mtu kwa kushukiwa tu, walitoka katika kulinda.

2. Habari ya Wangari Maathai na akina mama wa Nairobi

Sasa tutazame mfano wa jirani zetu wa Kenya, ambao kanisa la Anglikana lilikuwa ndani yake.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Nyeri. Alisoma sana, na mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, iliyoitwa Green Belt Movement. Kupanda mti, mtu angedhani, ni kazi ambayo haiwezi kumtisha mtawala yeyote. Lakini aliyepanda mti huuliza nani anaukata, na ardhi ni ya nani.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa kawaida wa Nairobi hupumzikia. Mama Wangari aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na hata nchi za nje, akiuliza kwa nini bustani ya wananchi ichukuliwe. Wabunge walimkemea na kumdhihaki bungeni. Chama chake cha miti kilitolewa katika ofisi za serikali, naye akalazimika kuendesha kazi nyumbani kwake. Hata hivyo wenye fedha wa nje waliondoka, na jumba lile halikujengwa.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kutazamwa. Kenya ya siku zile ilikuwa na polisi wa upelelezi wa siasa waliorithiwa kutoka kwa Waingereza, ambao mwaka 1986 walipewa jina na idara mpya. Katika mwaka huo na miaka iliyofuata watu wengi walikamatwa wakidaiwa kuwa wa kikundi cha siri cha Mwakenya. Waliteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House, wakapelekwa mahakamani saa za jioni ofisi zimefungwa, wakakiri, wakafungwa. Maaskofu wetu hawakuachwa. Aprili 1989 nyumba ya Askofu David Gitari wa Mount Kenya East ilivamiwa usiku. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, majirani wakaja, akaokoka. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri mmoja kwamba akienda Busia huenda asirudi hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 alikufa kwa ajali ya gari akiwa njiani kurudi.

Januari 1992 Mama Wangari na wenzake waliokuwa wakidai vyama vingi walisikia kwamba kuna mpango wa kukabidhi nchi kwa jeshi. Waliwaita waandishi wa habari wakalisema jambo hilo. Mara wenzake wakaanza kukamatwa. Yeye alijifungia nyumbani kwake, polisi wakaizunguka nyumba. Kwa siku tatu alikuwa ndani nao wako nje, hata wakakata vyuma vya dirisha wakaingia na kumchukua. Alishtakiwa kueneza uvumi, uchochezi na uhaini. Alipofikishwa mahakamani alikuwa mgonjwa wa viungo hata akabebwa. Baadaye mashtaka yale yalifutwa.

Hapa tusimame kidogo. Uvumi si jambo jema, na waraka wa Yakobo watufundisha habari za ulimi. Lakini uvumi huzaliwa wapi? Huzaliwa mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuuliza waziwazi wala kujibiwa waziwazi. Serikali inayoogopa maneno ya watu hata ikayapeleleza yote, hujikuta inasikia minong'ono tu, kwa kuwa ukweli umekwisha kujificha.

Mwezi uliofuata akina mama wazee walimjia Mama Wangari. Wana wao walikuwa gerezani kwa mambo ya siasa. Mmoja wao alikuwa Monica Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere aliyewahi kuwa mbunge. Tarehe 28 Februari 1992 walikwenda pamoja kwa Mwanasheria Mkuu wakitaka wafungwa 52 waachwe huru. Waliambiwa warudi nyumbani wangoje. Hawakurudi. Walikwenda Uhuru Park, wakakaa chini, wakaanza kufunga chakula. Watu wakaanza kuja, mamia kwa mamia, na wengine wakasimama kwa mara ya kwanza kueleza waliyotendewa katika vyumba vya mateso. Mahali pale pakaitwa Pembe ya Uhuru.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja kwa marungu na mabomu ya machozi. Mama Wangari alipigwa hata akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya akina mama wazee walivua nguo zao mbele ya askari wale. Sisi Waafrika twajua maana yake: mama akimvulia mtoto nguo kwa hasira, ni laana. Polisi wakawachukua akina mama wakawarudisha makwao kwa nguvu. Kesho yake wengi walikuwa wamerudi Nairobi, wakakuta bustani imefungwa na kulindwa na askari.

Ndipo walipokwenda kanisa kuu la All Saints, la Anglikana, lililo karibu na bustani ile. Provosti Peter Njenga aliwapokea. Walidhani ni kwa siku chache. Walikaa chini ya kanisa lile karibu mwaka mzima. Askari walikuwa nje wakitazama nani anaingia na nani anatoka. Kila Jumapili waumini walikuja kwenye ibada wakijua kwamba wanaonekana. Hata hivyo chakula kililetwa, blanketi zililetwa, na watu walikuja kusali nao. Mapema mwaka 1993 wafungwa 51 kati ya wale 52 walikuwa wamefunguliwa.

Tusifikiri kwamba jambo lilikwisha kwa furaha tupu. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya kanisa hilohilo wakawapiga watu waliokuwa wakisali. Lakini mwaka 2002 wananchi wa Tetu walimchagua Mama Wangari kuwa mbunge, mwaka 2003 akawa waziri mdogo wa mazingira, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliyehesabiwa adui wa serikali ndiye aliyeiletea nchi yake heshima.

3. Amosi na kuhani Amazia

Sasa tuitazame Biblia. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, mtu wa shamba kama sisi, akatumwa kusema juu ya wakubwa waliowanunua maskini kwa fedha. Alisema waziwazi, mchana, mahali pa ibada. Nani alimpelekea mfalme habari zake? Si askari. Ni Amazia, kuhani wa Betheli.

Tuangalie kwa makini alivyofanya. Amosi alikuwa amesema, katika mstari wa 9, kwamba upanga utaijia nyumba ya Yeroboamu. Katika mstari wa 11 Amazia anamwambia mfalme kwamba Amosi amesema Yeroboamu mwenyewe atakufa kwa upanga. Neno limegeuzwa kidogo tu. Tena amelifunga na neno jingine, kwamba Amosi amefanya fitina juu ya mfalme katikati ya watu wake. Unabii umefanywa kuwa njama.

Hivyo ndivyo taarifa za siri zilivyo mara nyingi. Anayeziandika hana wa kumsahihisha, na anayesemwa hajui limesemwa nini. Aliyeuliza bustani ni ya nani huandikwa mchochezi. Mama anayemlilia mwanawe huandikwa mwasi. Kwa hiyo Torati iliagiza kwamba neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na kwamba shahidi wa uongo atendewe lile alilotaka mwenzake atendewe (Kumbukumbu 19:15-19). Mashahidi hao walisimama mbele ya mshtakiwa, naye akawaona uso kwa uso.

Tena tuone jibu la Bwana wetu. Alipoulizwa na kuhani mkuu juu ya mafundisho yake, alijibu kwamba alisema waziwazi mbele ya watu wote, wala kwa siri hakusema kitu, waulizwe waliomsikia. Hii ndiyo kinga ya mtu wa haki: kusema mchana kile anachokiamini, kwa namna ambayo mpelelezi hatapata cha ziada cha kuandika. Akina mama wa Nairobi walifanya vivyo hivyo. Hawakujificha msituni. Walikaa katikati ya mji, mahali ambapo kila mtu aliwaona.

4. Sisi wenyewe

Wengine watasema, hayo ni ya Kenya. Tukumbuke basi ya kwetu.

TANU ilipozaliwa mwaka 1954, serikali ya Mwingereza ilikataa kuandikisha matawi yake huku Usukuma, na katazo hilo liliendelea mpaka 1958. Watumishi wa serikali wa Kiafrika walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimbidi kuacha ualimu mwaka 1955. Mwaka 1957 alizuiwa kwa miezi kadhaa kuhutubia mikutano ya hadhara, na mwaka 1958 alishtakiwa Dar es Salaam kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti la Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Waliochunguzwa siku zile kama watu wa hatari ndio waliounda serikali miaka mitatu baadaye.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1962 Bunge la nchi huru lilipitisha sheria iliyomwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zilizofaa kufutwa au kurekebishwa. Tunayasema haya bila chuki na mtu. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha kwamba kila mwenye mamlaka, hata aliyeonja uchungu wa kupelelezwa, hujaribiwa kuutumia upelelezi juu ya wengine. Jaribu hilo ni la wanadamu wote.

Yako pia mambo mema ya kushika. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu, na ibara ya 16 inalinda maisha ya mtu binafsi, nyumba yake na mawasiliano yake. Na Sheria ya Usalama wa Taifa, Na. 15 ya 1996, katika kifungu cha 5, ilieleza wazi jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: si kazi ya Idara hiyo kumpeleleza mtu au kikundi cha watu kwa sababu tu wanashiriki katika kupinga kwa njia halali, au hawakubaliani na jambo lihusulo Katiba, sheria au Serikali. Watunga sheria wetu wenyewe waliona tofauti ile tuliyoisema mwanzoni, ya kulinda na kuvizia. Sheria njema isiyojulikana na watu ni kama jembe lililofungiwa stoo wakati wa mvua.

5. Mambo ya kushika

Kwanza, tusimtenge mtu kwa sababu anachunguzwa. Kuchunguzwa si kuhukumiwa. Akiwa mgonjwa tumtembelee, akifiwa twende msibani, akija kanisani tukae karibu naye. Upweke ndio kifungo cha kwanza, na kifungo hicho hatufungwi na serikali bali tunafungana wenyewe.

Pili, ukiulizwa na mwenye mamlaka halali, sema kweli, useme ulichokiona kwa macho yako, uishie hapo. Usiongeze ulichosikia kilabuni. Watu husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo haifai kuwa ushahidi wa kumtia mtu gerezani.

Tatu, usiuze jina la jirani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, deni la ng'ombe, au wivu. Twajua kwamba maneno ya uchawi yamewaua bibi zetu wengi katika nchi hii ya Usukuma. Walioyaanzisha mara nyingi walikuwa jirani na ndugu. Kuchongea kwa siasa ni mtoto wa mama huyohuyo.

Nne, ukijua kwamba uhai wa mtu uko hatarini, usinyamaze. Mkumbuke mpwa wa Paulo.

Tano, wazee wa kanisa na makatekista wasikubali kugeuza maungamo, ziara za wagonjwa au vikundi vya sala kuwa mahali pa kukusanya habari za watu. Amazia alikuwa kuhani. Provosti Njenga naye alikuwa kuhani. Mmoja alimpelekea mfalme jina la mtu wa Mungu, mwingine aliwafungulia mlango akina mama waliofukuzwa. Wote wawili walivaa mavazi ya kazi moja.

Na kwa ndugu zetu walio katika utumishi wa polisi na usalama, ambao pia ni watoto wa kanisa: kazi yenu ni ya heshima inapolinda. Ombeni ujasiri wa kuandika kile mtu alichosema, wala si kile mkubwa anachotaka kusikia. Mstari mmoja uliogeuzwa waweza kumla mtu miaka kumi ya maisha yake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Toa mfano wa kutazamana kunakolinda hapa kijijini kwetu, na mfano wa kutazamana kunakoumiza. Tofauti yake ni nini?

2. Linganisha Amosi 7:9 na 7:11. Amazia aligeuza nini, na kwa faida ya nani?

3. Kama akina mama wale wangekuja kwenye kanisa letu jioni, na askari wako nje, baraza letu la kanisa lingeamua nini? Nani angeleta chakula cha kesho yake?

4. Je, yuko mtu katika mtaa wetu ambaye tumemkwepa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yake? Ni nani atakayekwenda kumwona juma hili?

Swali la nne lisijibiwe kwa kutaja jina mbele ya kikundi. Lijibiwe kwa miguu.